Fingo la Mrihini

Moto ulianzia shambani kwa Samuel. Nalisema wazi kwa sababu watu wa hapa wamekwisha kuanza kulizungusha. Wengine wanasema ni warina asali, wengine wanasema ni sigara ya mpita njia. Mpita njia gani anayefika huku kwetu? Ni Samuel, mtoto wa dada yake mume wangu, aliyechoma majani ya shamba akingojea mvua za masika kama wafanyavyo wote, akazima, akaenda kulala. Kisiki kimoja kilibaki na moto tumboni. Kulipokucha, nyasi zote za chini ya kilima zilikuwa zinafuka moshi.

Mimi naitwa Dama. Nimeolewa na Mwinga tangu Mercy wetu hajazaliwa, na sasa Mercy mwenyewe ana watoto, anafua mashuka hotelini Diani. Mdomo wangu una sifa mbaya kijijini. Waache waseme. Siku ile ningesikilizwa, leo ningekuwa na kitu cha kutazama nikitoka mlangoni.

Kilima chetu kinaitwa Mrihini, na mgongoni mwake ulikuwapo msitu wa kaya. Wazee wa kwanza walipofika nchi hii walijenga humo ndani, na kabla ya kujenga walizika fingo ardhini, dawa yao ya kuwalinda watu. Nyumba zilikwisha zamani, watu wakashuka mabondeni kulima na kufuga, lakini fingo lilibaki, na kwa ajili yake msitu ukaachwa. Haukukatwa mti, hakukuokotwa hata ukuni ulioanguka wenyewe. Kaya yenye fingo ni kaya. Isiyo na fingo ni pori tu, hata iwe na miti mikubwa namna gani.

Mahali lilipozikwa hapakuwa na jiwe wala kibanda. Palijulikana na mtu mmoja tu, na mtu huyo alionyeshwa na mjomba wake, naye akifika umri humwonyesha mpwa wake. Alama zake zilikuwa miti: unashika mti huu, unaupa mgongo, unauelekea ule. Zaidi ya hapo sijui, na hata hayo niliyajua kwa kuwa Mwinga aliweweseka nayo siku moja akiugua malaria. Akili zilipomrudia aliniuliza amesema nini. Nikamwambia ameniita mpenzi. Hakuamini, lakini alicheka.

Mwinga alionyeshwa na mjomba wake akiwa kijana. Na wa kuonyeshwa na Mwinga alikuwa Samuel, hana mpwa mwingine. Lakini Samuel aliokoka. Siku aliyoitwa kuonyeshwa alikuja na shati jeupe, akasimama uani kwetu na kusema, "Mjomba, mimi na mambo hayo basi." Tangu siku ile wakawa wanasalimiana shingo upande, na mume wangu akawa anazeeka na siri yake akimsubiri kijana abadili moyo. Nilimwambia mara nyingi atafute mtu mwingine, hata Mercy. Alinitazama kama niliyetukana.

Sasa asubuhi ile ya moto, huyo Samuel ndiye aliyekuja mbio uani kwetu, na vijana nyuma yake wenye mapanga na majembe. Uso wake ulikuwa mweusi kwa masizi, nyusi zimeungua upande mmoja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba," Mwinga alisema bila kumtazama. Alikuwa amesimama mbele ya nyumba anautazama moshi.

"Mjomba, kosa ni langu, sina la kujitetea. Lakini moto sasa umelala, umande bado uko majanini. Jua likipanda utakuja upepo wa bahari, na upepo ule unapanda kilima moja kwa moja. Tupe ruhusa tukate pale kiunoni, kati ya miamba miwili. Tukikata pale na kufagia mpaka udongo uonekane, hautapita."

Hata mtoto angeelewa. Chini, kilima ni kipana, nyasi zimetanda toka shamba la huyu hadi shamba la yule, huwezi kuuzuia moto huko hata uwe na watu wa kijiji kizima. Lakini ukipanda kidogo kinabanwa na miamba mikubwa miwili, na kati yao pana nafasi nyembamba ambayo wanaume kumi wangeifyeka kabla ya chai kupoa. Shida ilikuwa moja tu. Kiunoni pale pako ndani ya mpaka wa kaya.

"Chuma hakiingii kaya," Mwinga alisema.

"Najua, mjomba."

"Hujui. Ungejua usingekuja na mapanga mlangoni kwangu. Kinaingia baada ya kuombwa. Na kuomba ni wazee watatu na kuku mweusi."

Wazee wawili walikuwapo: mume wangu, na Chirau jirani yetu, ambaye alikuwa amefika kwa kuona moshi, kaniki yake mabegani. Wa tatu ni Mzee Chande, na Mzee Chande alikuwa Kona ya Musa kwa binti yake, alikopelekwa kutibiwa macho. Akapigiwa simu. Sauti yake tuliisikia sote uani, maana simu ya Chirau haijui kunong'ona.

"Msiguse kitu," Mzee Chande alisema. "Nakuja. Ngojeni nimtafute kuku kwanza, huku wote weupe."

Hapo nikashindwa kunyamaza.

"Kuku!" nilisema. "Msitu unaungua, na ninyi mnatafuta rangi ya kuku! Baba Mercy, hao waliozika hilo fingo walilizika kulinda watu au kulinda kuku?"

"Mama Mercy, nyamaza."

"Sinyamazi. Mwambie kijana akate."

Chirau, ambaye si mtu wa maneno, alisogea karibu yake akasema taratibu, "Mwinga, mwenye kaya ni wewe. Ukisema wakate, watakata. Kuku tutakuja kuchinja baadaye, na lawama tutagawana mimi na wewe."

Mume wangu alifungua mdomo. Nilimwona. Nimekaa naye miaka mingi, najua anavyokuwa akikaribia kukubali jambo: hujishika sikio. Alijishika sikio. Kisha akamtazama Samuel, akashusha mkono.

"Aliyeikataa kaya ndiye wa kuitia panga?" alisema. "Tutamngoja Chande."

Angekuwa kijana mwingine yeyote aliyeomba, angekubali. Hilo nitalisema mpaka nife. Si mila peke yake iliyomfunga mume wangu asubuhi ile. Ilikuwa ni uchungu wa miaka yote aliyomsubiri yule mtoto.

Basi tukashuka kupigana na moto huko chini, mahali pasipofaa. Wanaume walipiga kwa matawi mabichi, sisi wanawake kwa magunia tuliyolowesha kwenye madumu. Askari wa msitu walikuja wachache na vifaa vyao, wakatazama kilima, nao wakasema yale yale: kiunoni, kati ya miamba. Mkubwa wao akamwendea Mwinga kwa adabu, akaambiwa wazee wanangojewa. Akasema kaya ni ya wazee, yeye hawezi kuingia na panga bila ruhusa yao, akaja kupiga moto pamoja nasi. Tukizima hapa unawaka pale. Moshi uliniingia kifuani nikawa nakohoa makohozi meusi, na kila nikiinua kichwa namwona mume wangu amekaa juu ya jiwe, amegeukia barabara, anamngojea Chande.

Jua likapanda. Umande ukakauka. Nilihisi upepo shingoni kabla sijausikia majanini, upepo mzuri, wa baridi, ule ambao siku nyingine yoyote ningesema alhamdulillahi kama marafiki zangu wa Waa, ingawa mimi si Mwislamu. Siku ile niliulaani. Nyasi zote ziliinama kuelekea kilimani, na moto ukainama nazo.

Samuel alitupa tawi lake akapanda mbio mpaka kwa mjomba wake, akapiga magoti mbele ya jiwe lile. Na mimi nikamfuata.

"Mjomba, nakuomba. Nikate mimi niadhibiwe mimi."

Mwinga alitazama barabara mara ya mwisho. Hakukuwa na mtu.

"Kateni," alisema.

Walikata. Waliingia kiunoni wakakata kama watu waliopagawa, hata askari, hata Chirau kwa umri ule, hata mimi, mwanamke, niliingia kaya na jembe na hakuna aliyenikataza. Majani makavu ya humo yalikuwa yamelala miaka na miaka bila kuguswa, yanafika magotini. Tulikuwa tumefagia nusu ya nafasi ile moto ulipofika. Haukupita mahali tulipofagia. Ulipita pembeni, kwenye nusu iliyobaki, kwa urahisi, ukaingia ndani.

Sitaeleza yote. Miti ile ilikuwa mikubwa, na mti mkubwa ukishika moto unalia. Mbega walitoka juu juu wakirukiana na watoto wao vifuani, wengine hawakutoka. Hondohondo waliruka wakizunguka juu ya moshi na kurudi, wanazunguka na kurudi, kwa sababu majike yao hujifungia ndani ya mashimo ya miti wakilalia mayai na hawawezi kutoka. Nilikaa chini nikaziba masikio. Nililia kwa hasira. Huzuni ilikuja baadaye, na haijaondoka.

Mwinga alitaka kuingia. Hakupiga kelele, aliondoka tu, anatembea kuelekea motoni kama mtu anayekwenda kufunga mlango aliousahau wazi. Samuel alimdaka kiunoni, Chirau akamshika mkono, mimi nikamshika shuka. Alituburuta sote watatu kidogo, kisha nguvu zikamwisha.

"Hebu niacheni," alisema. "Nataka kuiona ilivyo. Nataka kuiona mara moja tu kabla haijaanguka."

Tukadhani amerukwa na akili. Hatukuelewa alichotaka kukiona.

Bodaboda ya Mzee Chande ilifika jua likianza kupinda. Alishuka akipapasa, bandeji kwenye jicho moja, kikapu mkononi. Kuku alikuwa mweusi tii, mzuri kwa kweli. Mzee aligeuza uso kuelekea joto, akauliza, "Tumechelewa?" Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu. Nilimwangalia jinsi alivyokishika kile kikapu kwa mikono miwili, nikapokea kuku wake nikamfunga mguu jikoni.

Moto uliwaka mpaka ukakosa cha kula. Ulipokwisha, kilima kilikuwa cheusi chote, na kidogo kuliko tulivyozoea. Chemchemi ya chini iliendelea kutoa maji, lakini maji meusi, unachota unayaacha yatulie ndooni kabla ya kupika. Kila siku yanapungua.

Mwinga alianza kwenda kilimani siku majivu yalipopoa. Alikwenda asubuhi na fimbo, akarudi jioni na miguu myeupe kwa jivu hadi mapajani. Sikumuuliza kitu mwanzoni. Nilidhani anaomboleza, na kila mtu ana namna yake. Kutoka jikoni kwangu, ambako zamani nilikuwa naona ukuta wa miti tu, sasa nilimwona kila alipokwenda. Na alichokuwa akikifanya hakikuwa kuomboleza. Alikuwa anasimama penye kisiki, anakipa mgongo, anatembea, anasimama. Anatikisa kichwa. Anarudi. Anaanza penye kisiki kingine.

Vingine havikuwa hata visiki. Mirihi mingi, miti iliyokipa kilima jina lake, iliungua mpaka mizizini, ikaacha mashimo, na mashimo yakajaa jivu. Yale magogo yaliyoanguka yalikuwa yameangukiana, huwezi kujua lipi lilisimama wapi.

Asubuhi moja aliketi jikoni nikipika uji, akashika kikombe bila kunywa.

"Mama Mercy," alisema. "Sijui liko wapi."

Niliendelea kukoroga. Nilikuwa nimekwisha kujua, lakini kulisikia ni kitu kingine.

"Nilidhani ningeujua ule mti wa mbambakofi hata ukiwa mkaa," alisema. "Siuoni. Nikiukosa mti wa kwanza, nimeikosa yote. Siku ile nilitaka kuingia niitazame miti ingali imesimama, nitafute jiwe, kitu chochote cha kushikia alama. Mkanizuia."

"Tungekuacha ufe?"

Nadhani jibu lake nalijua.

"Waambie," nilisema. "Mwambie Chande na Chirau. Waambie limepotea, mtafute pamoja."

"Watatafuta nini, na hawajawahi kuliona? Nikisema limepotea, kaya imekwisha. Wataigawa mashamba. Mwenye msumeno atakuja na msumeno, na mwenye haki ya kumzuia atakuwa nani? Imekaa tangu wazee wa kwanza, Dama, ikapita mikono yote ile, ije iishie kwangu." Huwa haniiti Dama. Alikiacha kikombe kilale upande, uji ukamwagikia magotini, uji wa moto, na hakushtuka.

Nilitaka kumwambia ni wewe uliyeketi juu ya jiwe. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Nikalimeza, na mimi si mtu wa kumeza maneno. Nilichukua kitambaa nikampangusa.

Samuel alikuja siku hiyo hiyo. Alipiga hodi, akavua kofia, akapiga magoti kwenye udongo.

"Shikamoo mjomba. Shikamoo mama."

Tukaitikia.

"Mjomba, nimewaza sana. Nilikataa, na nimeiunguza. Kanisani nimekwisha kuzungumza nao, watakaonielewa watanielewa. Nakuomba unionyeshe. Nitaishika kazi yako. Nitapanda miti, nitalala kule ikibidi. Nionyeshe tu, na sitakuangusha tena."

Maneno hayo mume wangu aliyasubiri miaka. Niliwahi kumsikia akilifanyia mazoezi jibu lake, peke yake, akichunga mbuzi. Sasa alimtazama mtoto wa dada yake, machozi yakamtoka, na Samuel akadhani ni furaha. Akamkumbatia miguu.

"Nitakuonyesha," Mwinga alisema.

Wazee walikusanyika siku iliyopangwa, na yule kuku mweusi, ambaye nilikuwa nimemlisha mpaka akanenepa, akabebwa na Chirau. Mzee Chande alishikwa mkono, jicho limepona. Mimi nilipaswa kubaki mpakani na dumu la maji. Lakini mpaka ulikuwa wapi? Nilisimama kwenye jivu, nikawaona wazi wazi mpaka walikokwenda, mambo ambayo mama yangu na nyanya yangu hawakuyaona.

Mwinga aliongoza. Alitembea bila kusita, kama anayekwenda chooni kwake, maskini, akijitia kujua. Akashika kisiki, akakipa mgongo, akaelekea mbele, akapinda. Nilimhurumia. Kisha akasimama mahali, mahali popote, palikuwa na jivu kama kwingine kote.

"Hapa," alisema.

Mzee Chande alipiga magoti, akaweka paji la uso chini, mabega yakatikisika. "Lipo," alisema. "Tungali tuko. Lipo." Chirau akachinja. Damu ikaingia jivuni na kupotea mara moja. Wakaliomba fingo radhi kwa moto na kwa chuma, Mwinga akitangulia kwa sauti, nao wakiitikia.

Halafu akamwita Samuel asogee. Samuel alisogea, akaangalia kulia na kushoto akitafuta cha kushikia alama. Akaona mwamba mmoja, akaona mwingine, akapima kwa macho, midomo inamchezacheza akikariri. Alikuwa makini kuliko nilivyowahi kumwona. Alikwenda akaokota mawe, akayapanga vizuri kuzunguka mahali pale, akarekebisha moja lililolala upande. Akamwambia mjomba wake kwamba halitapotea kamwe, yeye atamwonyesha mpwa wake, na mpwa huyo atamwonyesha wake.

Kisha aliweka kiganja juu ya jivu, akasema maneno aliyofundishwa na mjomba wake, yote, toka mwanzo hadi mwisho, bila kukosea hata neno moja. Wazee waliitikia kwa vichwa, wameridhika.

Nikamtazama mume wangu. Hakuwa anamtazama Samuel. Alikuwa ameinua uso anatazama juu zaidi, huku na huku kwenye mteremko mweusi, bado anatafuta.